Mtu wa Kupigiwa Simu

Kadi yangu ya kazi imeandikwa "Mhariri Mkuu". Cheo hicho nilijipa mwenyewe na hakuna aliyekipinga, kwa kuwa gazeti letu lina mfanyakazi mmoja tu. Ni mimi ninayeandika, ni mimi ninayepiga picha, na ni mimi ninayemkaripia mwandishi kwa kuchelewesha habari, halafu namsamehe. Linatoka kila mwezi, nikijaliwa, kwa Kiswahili, na nakala zake nazigawa kanisani kwetu na kwa kinyozi Mkongo pale Erdington, mtaa wa mji wetu wa Birmingham. Siku moja nilikuta ukurasa wangu wa maoni umetandazwa chini ya kiti chake kupokea nywele. Nilisimama nikitazama nywele za mteja zikiangukia picha yangu, nikajifariji kwamba angalau mtu amelifungua gazeti. Riziki yangu hasa inatoka kwenye ghala moja la Nechells ninakofunga vifurushi, lakini ukiniuliza kazi yangu nitakwambia mimi ni mwandishi wa habari, na kadi utapewa kabla hujamaliza kuuliza.

Kila Oktoba hapa Uingereza huadhimishwa historia ya watu weusi, na huo ndio mwezi ninaovimba kichwa. Miezi mingine naandika habari za ubatizo, mahafali na nani kafungua duka la unga. Oktoba naandika mapambano. Historia ya Weusi wa Marekani nimeisoma tangu shule, kiasi cha kutosha kuwakimbiza wenzangu kwenye chumba cha chai pale ghalani. Nikiingia na kikombe changu, mtu anakumbuka ghafla kwamba hajamaliza kazi. Nilichokuwa sina ni Mmarekani mweusi mwenyewe, aliye hai, mwenye mdomo.

Aliyenipatia ni mweka hazina wa kikundi chetu, mama wa Kikenya anayefanya kazi ya kulea wazee na anayeishi Kingstanding.

"Kaka, kwani hujui neighbour wangu ni African-American?" aliniambia. "Tena original. Tulipokuwa na matanga ya mum alikuja akabisha mlango, ametuletea pie."

"Pai ya nini?"

"Ya viazi vitamu. Watu waliogopa kuonja, but ilikuwa tamu, si mchezo."

Hapo inabidi nieleze habari ya kikundi. Watanzania tunakiita cha kufa na kuzikana, Wakenya wanakiita welfare, na kazi yake ni hiyohiyo. Ukifiwa, watu wanakujia nyumbani na masufuria yao, wanaimba, wanasali, wanakaa na wewe. Ukifa wewe mwenyewe, wanakusafirisha ukazikwe kwenu. Ndugu zetu Waislamu wa Zanzibar waliopo hapa mjini wanazikana hapahapa, upesi, na wanatushangaa. Sisi maiti zetu lazima zipande ndege.

Nilimwendea yule jirani Mmarekani Jumamosi moja nimevaa kizibao changu chenye mifuko mingi, ambacho sijawahi kupata vitu vya kutosha kukijaza. Alinifungulia mlango akiwa amevaa kofia ya zambarau, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mkononi ana fimbo. Alikuwa mzee, mwembamba, na macho yake yalinipitia kutoka mfuko mmoja wa kizibao hadi mwingine. Tuliongea Kiingereza, hapa namsemesha Kiswahili, na najua angeniwia radhi.

Alikuwa mjane. Mumewe, Mjamaika aliyeendesha mabasi ya mji huu, alikuwa ukutani ndani ya sare yake. Watoto hawakujaliwa. Ndugu wa mume walikuwa wamekufa au wamerudi kisiwani, na wa kwake kule Marekani waliobaki walikuwa watoto wa binamu ambao hajawahi kuwaona.

Kichwa cha habari nilikuwa nimeshakiandika ndani ya basi: "Kutoka Birmingham hadi Birmingham." Nilijua, bila kuuliza, kwamba atakuwa ametoka Birmingham ile ya Alabama, ambayo jina lake limo katika kila kitabu cha mapambano. Akaniambia hajawahi hata kukanyaga huko. Kwao ni mashambani, Georgia. Nikakifuta moyo ukiniuma, nikasonga mbele.

"Uliandamana?" nikamwuliza.

"Siku ya maandamano makubwa ya kwetu nilikuwa nang'olewa jino."

"Na daktari," nikasema, nikisogeza kinasa sauti karibu yake, "alikuwa mzungu mbaguzi?"

"Alikuwa mweusi kama wewe. Mkono wake ulikuwa mzito sana."

"Kwenye basi je, walikuamuru ukae nyuma?"

"Basi halikufika barabara yetu. Tulitembea."

Nilianza kumwonea hasira kidogo. Hapa kuna mtu ameishi katikati ya historia na hakuwa na adabu ya kuishiriki. Yeye alitaka kuongea mambo mengine kabisa. Alinieleza kwamba bibi yake alikuwa kwenye chama cha kuzikana, akina mama wa kanisa la pale kijijini, kila wiki wanatoa kidogo walichonacho. Mmoja wao akifa, wenzake wanavaa nyeupe wanakuja kukaa naye. Hawamwachi peke yake hata dakika moja mpaka aingie kaburini. Nilitikisa kichwa namna mtu anavyotikisa akisubiri mwenzake amalize. Halafu akaniuliza, "Hao watu waliokuja kwa jirani yangu kuimba, mtu akitaka kuwa mmoja wao anafanyaje?" Nikamwambia hilo tutalifikia mwishoni. Hatukulifikia, maana nilikuwa na maswali mengi kuhusu utumwa.

Hata hivyo nilimwalika awe mgeni rasmi kwenye sherehe yetu ya Oktoba, katika ukumbi wa kanisa Erdington, na mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji. Ilitangazwa kuanza saa tisa alasiri, kwa hiyo tulianza saa kumi na nusu. Yeye alifika saa tisa. Nilipoingia nikamkuta amempangia mlinzi wa ukumbi viti vyote na sasa wanakunywa chai.

Kwetu mgeni hasimamishwi hivihivi. Kwanza sala. Halafu mwenyekiti wa kikundi, nesi mstaafu wa Kikenya anayeibeba katiba yetu kwenye mkoba siku zote, awasalimie watu. Halafu wawakilishi wa makanisa wawasalimie watu. Kila aliyeambiwa asalimie tu alishukuru kwa kupewa nafasi ya kuhutubia. Nikachukua kipaza sauti, nikasema itifaki imezingatiwa, kisha nikaitaja yote kuanzia juu hadi chini. Baada ya hapo nikaona ni vizuri niwaandae watu kidogo kabla mgeni hajasema. Nilianza na meli za watumwa, nikapita mashamba ya pamba, nikafika kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, nikasimama kunywa maji. Mgeni wetu alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo, ananisikiliza nikimsimulia maisha ya bibi zake. Nilikuwa nimechangamka sana. Nadhani hata nilimwonyesha kwa mkono jinsi pamba inavyochumwa.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa wakaingia watoto wamevaa nyeupe tupu, na mwalimu wao. Walikuwa wa karate. Ukumbi ulikuwa wao kuanzia saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili ilikuwa imebakiza dakika chache sana.

Nikampa yule mama kipaza sauti. Watu walikuwa wameanza kuvaa makoti.

Alisimama taratibu. "Mwenzenu ameshawaambia historia yangu," alisema, "na sehemu nyingine hata mimi nilikuwa sizijui." Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. "Bibi wa bibi yangu alizikwa mahali pasipojulikana, hakuna aliyekaa naye. Watu wetu walipopata uhuru wao, kabla hawajawa na shule wala shamba, walianza kuahidiana kuzikana. Bibi yangu alizikwa na watu. Mama yangu alizikwa na watu. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka, na mimi nikifa sasa, atakuja mtu wa manispaa, atasaini, basi. Nimewasikia kupitia ukutani mkiimba kwa jirani yangu. Naomba mnichukue kwenye chama chenu. Ni hayo tu niliyokuja kusema."

Akaketi. Makoti yalisimama nusu mabegani.

Mwenyekiti alifungua mkoba wake. "Mama, sisi tunakurespect sana," alisema. "Lakini katiba inasema member lazima awe mtu wa East Africa, ama ameoana na mtu wa East Africa."

"Président," kinyozi akanyanyuka, "hata miye niko mu-Congolais. Si mulinipokea?"

"Wewe ulikuja kabla ya katiba."

Mweka hazina, ambaye ana akili ya vitendo, akauliza jambo ambalo tunamwuliza kila mwanachama mpya. "Sasa, siku ya siku, mwili tutaupeleka wapi? Georgia?"

"Witton," yule mama akajibu. "Makaburini pale. Mume wangu yupo, nafasi yangu ipo kando yake. Ni basi moja tu kutoka kwangu."

Kila mmoja wetu pale alikuwa ameshasema atapelekwa wapi: Kisii, Machakos, Moshi, mimi Morogoro. Wapo ambao hawajatia mguu huko tangu waondoke, na watoto wao waliozaliwa hapa wakisemeshwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, lakini safari ya mwisho imepangwa. Haijawahi kutujia akilini kwamba mtu anaweza kufa Kingstanding akazikwa mwendo wa basi moja. Mzee mmoja aliguna, "Basi huyu hatatusumbua na mambo ya ndege," na mkewe akamfinya.

Mwalimu wa karate alikohoa. Mwenyekiti, ambaye hapendi kuamua jambo akiwa amesimama, akatangaza kwamba mama atakuwa kwenye matazamio kama mtu mwingine yeyote: ahudhurie misiba, aonekane, halafu kikao kitaamua. Tukatoka tukipishana na watoto wenye mavazi meupe. Yeye aliwatazama wote wakipita, mmoja mmoja, akitabasamu.

Gazeti la mwezi ule lilikuwa na hotuba yangu nzima. Maneno yake niliyafanya aya ya mwisho.

Basi akaanza kuhudhuria. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuja saa iliyotangazwa. Sisi tukisema msiba saa nane, tunamaanisha mwenye nyumba aanze kufikiria kupika. Yeye saa nane alikuwa mlangoni, kofia kichwani, pai mkononi, na neno moja la Kiswahili alilofundishwa na jirani yake: "Pole." Msiba wa kwanza, wenye nyumba hawakuwa wamevaa. Wa pili, baba wa nyumba alimfungulia mlango na povu la kunyolea ndevu usoni. Walilalamika kwangu, maana kila jambo lake sasa lilihesabiwa kuwa langu. "Mwambie Mmarekani wako asome saa vizuri." Nikamweleza kwa upole utaratibu wa saa zetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kuanzia saa nane hadi saa kumi," aliuliza, "aliyefiwa anakaa na nani?"

Nilimwambia hilo ni jambo la utamaduni. Ndivyo ninavyosema nikiwa sina jibu.

Kabla ya kikao kuitwa, mama yangu alifariki Morogoro.

Nilipigiwa nikiwa ghalani. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, ikisubiri mhuri wa kuongezewa muda, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kwenda kumzika. Nilitangaza msiba kwenye simu ya kikundi kama nilivyowatangazia wengine wengi, Jumapili saa nane mchana, na maneno yaleyale. Kisha nikarudisha viti ukutani, nikaondoa rundo la magazeti yasiyogawiwa kwenye kochi, nikakaa.

Mimi mtu wa maneno mengi nilikuwa sijui kwamba nyumba inaweza kunyamaza hivyo. Nilijua hakuna atakayefika kabla ya saa kumi. Mimi mwenyewe nisingefika. Nilimkasirikia kila mtu, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

Saa nane kamili mlango uligongwa. Lifti ya jengo letu Nechells ilikuwa imeharibika kama kawaida, na yeye alikuwa amepanda ngazi na moyo wake ule uliochoka. Alisimama mlangoni akihema, hawezi kusema, ameshika fimbo na sahani iliyofunikwa kitambaa. Pumzi ilipomrudia akasema, "Pole."

Akaketi. Kwa mara ya kwanza maishani sikuona haja ya kujaza nafasi kwa maneno. Baadaye akaniuliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza kama ninavyoandika tanzia: alizaliwa katika familia ya watoto kadhaa, alikuwa mcha Mungu, ameacha watoto na wajukuu.

"Sikukuuliza hayo," akasema. "Alikuwa akicheka nini?"

Nikamwambia alikuwa akinicheka mimi. Nikamwambia nilikuwa namtumia kila toleo la gazeti, na kwamba hakujua kusoma, na alilitandika kwenye kabati la vyombo. Dada yangu alinisimulia kwamba ukurasa wenye picha yangu aliuweka juu, akakataza mtu asiweke sufuria usoni pangu. Wageni wakija aliwafungulia kabati wamwone mwanawe, mtu mkubwa wa magazeti Ulaya. Nikafika hapo nikalia vibaya, kwa kwikwi na makamasi. Yeye alinipa kile kitambaa cha kufunikia pai. Hakuniambia ninyamaze.

Wenzetu walifika saa kumi na kitu, na masufuria yao na nyimbo zao, na nilifurahi kuwaona. Walimkuta jikoni anaosha vikombe. Mwenyekiti akachungulia akasema kwa sauti ya kuamrisha, "Mama, kama chai iko, lete na mimi," kisha akakumbuka anaongea na nani, akaomba radhi kwa Kiingereza kirefu. Yule mama aliniuliza mimi, "Amesema nini hapo mwanzo?" Nikamtafsiria. Akamimina chai akampelekea, na nilimwona akitembea kifua mbele kuliko siku aliyokuwa mgeni rasmi.

Kikao kilifanyika wiki chache baadaye, sebuleni kwa mweka hazina, ukuta kwa ukuta na nyumba ya yule mama. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumtetea, kurasa kadhaa, nikianzia enzi za utumwa. Sikupata kuisoma. Mwenyekiti alifungua mkoba, akaitazama katiba, akaufunga. "Huyu mama amekaa na kila mtu hapa aliyefiwa mwaka huu," alisema. "Tena amekaa wakati sisi hatujafika. Nani anapinga?" Hata yule mzee wa mambo ya ndege alinyoosha mkono wa kukubali.

"Sasa, mama," mwenyekiti akaendelea, "kila member ana mtu wake. Likitokea jambo, huyo ndiye wa kwanza kupigiwa simu, anakuja, anakaa na wewe mpaka sisi tufike. Wa kwako ni nani?"

Sote tulimgeukia mweka hazina, jirani yake wa ukuta, ambaye alishaanza kusogeza kiti chake mbele. Yule mama akanyoosha fimbo yake kupita mbele ya watu wote, ikasimama kwenye mfuko mmoja wa kizibao changu.

"Huyu."

"Mwandishi?" mwenyekiti akashtuka. "Mama, huyu akishika maneno hanyamazi."

"Ndiyo," akasema. "Siku hiyo mimi sitaweza kusema neno. Nahitaji mtu asiyenyamaza. Halafu mimi nilishamsikiliza habari za mama yake. Zamu yake inakuja."

Watu walicheka mpaka mweka hazina akajifuta macho. Nilicheka nao, nikatoa hotuba yangu mfukoni nikaikunja ikawa ndogo. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa. Nampenda yule mama, na kazi niliyopewa ni ya siku ambayo sitaki ifike.

Siku hizi naenda kwake bila kizibao. Namwuliza habari za jino, za barabara isiyokuwa na basi, na bibi yake alikuwa akicheka nini. Simu yake ikiingia, moyo unanipasuka kabla sijapokea. Jana ililia asubuhi nikiwa kazini. Niliacha vifurushi vinarundikana kwenye mkanda, msimamizi ananifokea, nikakimbilia mlangoni kupokea. Alikuwa anataka kujua duka gani la Erdington lina viazi vitamu vizuri.

"Nitakuletea mwenyewe," nikamwambia. "Saa tisa."

"Saa tisa ya nani?" akauliza.

"Ya kwako."